Sentensi za Mwezi wa Nane

Nilianza kujifunza Kihispania ili nitoke katika chumba kisicho na dirisha. Ilikuwa mapema miaka ya elfu mbili, na mimi nilikuwa karani wa ofisi moja ya utalii katikati ya mji wa Nairobi. Kazi yangu ilikuwa kupanga mafaili ya wageni waliokwisha kurudi kwao. Kila faili lilikuwa na jina la mtu aliyeona simba, na mimi katika miaka mitatu sikuwa nimeona hata punda milia. Siku moja mkubwa wetu akatangaza kwamba vikundi vya Wahispania vingeanza kuja. Karani ambaye angefaulu mtihani wa kuzungumza lugha yao mwezi wa nane angetolewa kwenye mafaili na kuwa akisafiri na wageni. Tulikuwa makarani watano. Wanne walicheka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, na niliishi na mama katika mtaa wa Satellite. Baba alikuwa amefariki. Mama alikuwa na vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba yetu, na maisha yake yalikuwa wapangaji, maji na kanisa. Maji kwa sababu mifereji ya mtaa ilikauka siku tano kati ya saba, na sisi wawili tulibeba mitungi kutoka kwa jirani mwenye kisima. Kanisa kwa sababu hapo ndipo alipojulikana. Mtaani alikuwa mwenye ploti. Kanisani alikuwa mama ambaye akisimama kutoa ushuhuda, watu waliacha kukohoa.

Darasa letu lilikuwa jioni mbili kwa wiki, kwenye ghorofa ya tatu ya jengo lililo karibu na City Market. Kutoka dirishani tulisikia wauza maua wakigombana. Mwalimu alikuwa mzee wa kutoka magharibi mwa nchi, mnene, mwenye suti moja ya kahawia, ambaye katika ujana wake alipelekwa Kuba kusomea kilimo cha miwa. Alizungumza Kihispania kwa lafudhi ya Kakamega na hakuona haya.

"Wananchi," alituambia wiki ya sita, "leo tunaingia wakati ujao. Msiogope. Huu ndio wakati rahisi kuliko yote."

Alituonyesha. Unachukua kitenzi kizima kama kilivyo kwenye kamusi, hukikati popote, unakibandika mkia. Mikia ni ileile kwa vitenzi vyote. *Viajar*, kusafiri, *viajaré*, nitasafiri. *Vivir*, kuishi, *viviré*, nitaishi. Vitenzi vikaidi havifiki hata ishirini, navyo hukaidi shinani tu, mkia haubadiliki: *tendré*, nitakuwa na, *saldré*, nitatoka, *haré*, nitafanya. Nilipenda mpangilio wake. Sisi tunatia "ta" karibu na kichwa cha neno, kwa hiyo msikilizaji anajua mapema kwamba jambo halijatokea. Wao wanamngojesha hadi silabi ya mwisho.

Akatuambia pia kwamba Kuba hakuusikia sana wakati huo barabarani. Watu wakitaka kusema watafanya jambo kesho, walisema tu "naenda kufanya", *voy a*. Ule wa mkia waliuacha kwa mambo mawili, kuahidi na kukisia. Ukiulizwa fulani yuko wapi na hujui, unasema *estará en casa*, atakuwa nyumbani. Nikaona tuko sawa nao, kwani na sisi husema "atakuwa amelala" juu ya mtu ambaye hatujamwona.

Mzee huyo alikuwa na utaratibu wake wa kazi ya nyumbani. Hakutaka sentensi za vitabuni kuhusu watu wa kubuni. Kila mmoja alitakiwa kuandika sentensi tano kujihusu yeye mwenyewe, zote za mwezi wa nane, na chini ya kila sentensi aandike Kiswahili chake kwa kalamu nyekundu. Alisema mtu asiyeweza kulisema jambo kwa Kiswahili hajalielewa.

"Na uongo unaruhusiwa," alisema. "Mtahini akikuuliza mipango yako huwezi kumwambia utakuwa Satellite unaosha sufuria. Safiri! Ni karatasi."

Nikasafiri. Niliandika kwamba mwezi wa nane nitaondoka Nairobi. Nitasafiri kwenda Valencia. Nitaishi na rafiki yangu. Nitamwandikia mama kila wiki. Sitarudi kabla ya miaka miwili. Sentensi tano nyeusi na tano nyekundu. Nikaliacha daftari juu ya kitanda na kwenda kazini.

Mama alilisoma akitandika kitanda. Kihispania hakukijua, lakini nyekundu aliielewa yote.

Hakuniambia kitu. Siku tatu nilimwona akijaza mitungi hadi inafurika, nikadhani ni mpangaji amemkasirisha. Jumapili, wakati wa ushuhuda, akasimama. Nilikuwa benchi la nne, upande wa dirisha.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amen."

"Mnanijua. Mimi nilibaki na huyu mmoja. Wiki hii Mungu amenifunulia kwamba mtoto wangu anaenda ng'ambo, Spain, mwezi wa nane. Yeye aliogopa kuniambia kwa sababu anajua nitabaki peke yangu. Nimelia. Lakini leo nimekuja kumtoa mbele ya madhabahu. Mungu amchukue, na mimi nimekubali."

Watu walipiga makofi. Wanawake wawili walilia. Mchungaji akasema, "Yuko wapi binti yetu? Asimame tumwone." Vichwa vyote vikageuka. Ningeweza kubaki nimekaa. Nimefikiria sekunde zile mara nyingi, na kila mara nakuta kwamba magoti yangu yalinyooka kabla sijaamua. Nilisimama, nikawa nimekubali.

Njiani kurudi nyumbani nilijaribu.

"Mami, kuhusu ile daftari..."

"Usiseme kitu, maitu," alisema. Maitu ndilo jina ambalo mama wa kwetu humwita binti yake akiwa na upendo. "Nimekusamehe. Hata usijieleze."

Alidhani kosa langu lilikuwa kuficha. Alikuwa amelisamehe mbele ya watu mia mbili, na msamaha huo ulikuwa mzuri hivi kwamba kuurudisha kungekuwa kama kumrudishia mtu chakula mezani. Nikajiambia nitamwambia kesho. Kesho yake wanawake wa chama cha kanisa walikuja nyumbani na sweta nzito ya rangi ya maziwa, soksi, na Biblia ndogo ya kusafiria. Walikunywa chai, wakaniimbia. Mwenyekiti wao, mama mrefu mwenye sauti ya kuamuru, aliipima sweta mgongoni mwangu.

"Huko kuna baridi ya kuua kuku," alisema. "Utaniambia."

Baada ya sweta zikaja bahasha. Kila mtu wa Nairobi wa miaka ile anaijua bahasha ya kaki yenye vyeti ndani. Jirani aliyestaafu kutoka reli alileta ya kijana wake.

"Sikuombi kitu kikubwa," alisema. "Ukifika, uulize tu. Hata kama ni kuchuma machungwa. Ana diploma, lakini atachuma."

Nilipokea. Mjane wa nyumba ya pili alileta ya binti yake, muuza mkaa akaleta yake mwenyewe, na mpangaji wetu wa chumba cha tatu akasukuma yake chini ya mlango bila kubisha. Nne. Niliziweka chini ya godoro, na usingizi wangu ulibadilika. Nikijigeuza, karatasi zilitoa sauti.

Nikamweleza mwalimu baada ya darasa. Alicheka mpaka akatoa leso. Halafu akaketi kwenye dawati la mwanafunzi, akaacha kucheka.

"Mimi niliporudi kutoka Kuba," alisema, "kijijini walikuwa wameambiwa nimesomea udaktari. Nani aliwaambia, sijui. Baba alifurahi, nikamwacha afurahi wiki moja. Nilikuwa nimesomea miwa! Wiki ya pili wakaniletea mzee mwenye presha. Nikamwambia apunguze chumvi. Akapona."

"Ukawaambia?"

"Akapona, nakwambia. Ningewaambia nini? Mpaka leo nikienda Krismasi nakuta foleni barazani. Nabeba mashine ya kupima presha. Nilinunua." Alikunja leso. "Kwetu siendi tena kwa raha, binti yangu. Sema mapema."

Nilimwambia mama Ijumaa ile, wiki mbili kabla ya siku waliyoipanga ya kuniaga. Alikuwa amekaa kitandani kwangu, akikunja nguo zangu kwenye sanduku alilolinunua soko la mitumba la Gikomba. Nililifungua daftari, nikamwonyesha alama za mwalimu, nikamweleza habari ya kazi ya nyumbani, mwezi wa nane, kalamu nyekundu, uongo unaoruhusiwa. Nilimweleza kwa mpangilio, kama ripoti. Alinisikiliza bila kuacha kukunja.

"Kwa hivyo hakuna hata moja ya kweli?"

"Hakuna, mami."

"Hata ile ya kuniandikia kila wiki?"

Hiyo ndiyo sentensi aliyokuwa ameishika siku zote zile tatu za kujaza mitungi. Niliiandika kwa sababu ilinipa nafasi ya kutumia kitenzi cha kuandika.

Alikunja blauzi moja, akaikunjua, akaikunja tena. Nilipomwona anafuta macho kwa kola ya blauzi yangu, nikajua ningekubali chochote atakachosema. Alichosema kilikuwa hiki: nitaenda mtaa wa Jamhuri, kwa tata, dada yake mdogo. Jamhuri hakukuwa na mtu wa kanisa letu. Nitakaa huko, nitaenda kazini kama kawaida, na Satellite sitakanyaga.

"Mpaka lini?"

"Miaka miwili. Si ndivyo uliandika?"

Nilimtazama kuona kama anatania. Hakuwa anatania.

Basi nikaagwa. Wazee waliniwekea mikono kichwani, mikono saba, nilihesabu kwa uzito. Nilitarajia mama akodishe gari la kunipeleka moja kwa moja Jamhuri, lakini mzee mmoja wa kanisa mwenye pikapu alisema haiwezekani binti wa kanisa aende uwanja wa ndege kama yatima. Akanipeleka mwenyewe, mchana, mama katikati yetu, sanduku nyuma. Njia nzima mzee alizungumza habari za mpira wa Wahispania. Mama alitazama mbele. Pale uwanjani mzee alituombea tukiwa tumeshikana mikono, magari yakipiga honi nyuma yetu.

Mlangoni askari walikuwa wanadai tiketi. Nikawapungia mkono mama na mzee, nikajichanganya na familia moja kubwa ya Kihindi, kisha nikakata kushoto, nikazunguka hadi upande wa wanaofika. Nilisimama pale saa moja na nusu kati ya watu walioshika vibao vya majina ya wageni. Mmoja wao alikuwa dereva wa ofisi yetu.

"Wewe! Umetumwa kupokea nani?" aliniuliza.

"Namngoja mtu."

"Na sanduku?"

"Ni lake."

Alinitazama, akalitazama sanduku, akarudi kwenye kibao chake. Nilipoona pikapu lazima iwe imekwisha fika mjini, nikapanda basi, nikafika Jamhuri saa kumi na moja jioni. Tata alinifungulia mlango akicheka kimyakimya, mkono mdomoni.

"Karibu Ulaya," alisema. "Vua viatu, nimepiga deki."

Ulaya ilikuwa chumba cha nyuma chenye pazia ambalo sikuruhusiwa kulifungua, kwa sababu jirani wa tata alikuwa na shemeji Kawangware, jirani kabisa na Satellite. Kazini niliondoka alfajiri. Ngong Road sikuitumia, maana magari ya upande wetu yote yalipita pale na kila dirisha lingeweza kuwa na uso wa benchi la nne. Nilipita njia za ndani za mtaa wa Woodley, kando ya ua wa michongoma na nyumba za zamani za kanso, yaani baraza la jiji, kichwa nimekiinamisha kama mtu anayetafuta sarafu. Jumamosi na Jumapili sikutoka. Nilikaa kitandani nikibandika mikia kwenye vitenzi. Kupitia ukuta nilisikia redio ya tata ikihubiri. Katika chumba cha mafaili angalau niliweza kuacha mlango wazi.

Mtihani nilifanya wiki ya pili. Mtahini alikuwa Mhispania kijana aliyeungua pua kwa jua. Aliniuliza nitakuwa wapi baada ya miaka miwili. Sentensi zangu zote nilikuwa nazo, Valencia, rafiki, barua. Nikafungua mdomo na sikuweza kusema hata moja. Nilimwambia sijui. *Estaré en Nairobi, supongo.* Nitakuwa Nairobi, nadhani. Aliandika kitu, akasema majibu yatatoka mwisho wa mwezi.

Jioni iliyofuata nilienda darasani. Kulikuwa na baridi, nikavaa sweta. Niliposhuka ngazi saa kumi na mbili na nusu, nikatoka upande wa wauza maua, na pale, akinusa maua ya waridi kwa mashaka, alikuwa mwenyekiti wa wanawake wa kanisa letu.

Hakushtuka. Aliweka maua chini.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Aliniangalia kutoka kichwani hadi sweta. Alinyoosha mkono, akavuta pindo.

"Naona ilikutosha."

"Ilinitosha."

"Na Spain? Wamekuambia urudi kuchukua nini? Chumvi?"

Muuza maua alianza kusikiliza. Nilitaka kueleza yote, daftari, kalamu nyekundu, nikaona maelezo ni marefu na yeye hayangoji. Alinishika kiwiko, akanisogeza ukutani, na sauti ya kuamuru ikashuka.

"Sikuulizi ni nani alidanganya nani. Jumapili tulimuuliza mama yako umefika salama, akasema umempigia simu. Akasema mnakula samaki sana. Mbele ya wamama wote. Mwanamke ambaye hajawahi kusema uongo hata juu ya umri wake." Aliniachilia kiwiko. "Na anabeba maji peke yake. Jana nilimkuta amekaa juu ya mtungi katikati ya njia. Rudi nyumbani."

"Watasema nini?"

"Watasema. Si wewe unaishi Ulaya? Utawasikiaje?"

Alirudi kwenye maua yake, akaanza kubishania bei.

Nilirudi Jumamosi. Niliichagua saa kumi jioni, saa ambayo Satellite nzima iko nje, wanawake wananunua sukumawiki, wanaume wamesimama nje ya kinyozi, watoto wako kila mahali. Nilishuka stendi na sanduku. Nilikuwa nimezitoa zile bahasha nne, nimezishika kifuani.

Wa kwanza alikuwa muuza mkaa. Aliniona akiwa mbali, akasimama.

"Umefukuzwa?"

"Sikwenda. Sikuwa naenda. Mama alisoma masomo yangu akadhani ni safari, na mimi nikanyamaza. Kosa ni langu. Hii hapa bahasha yako."

Aliipokea, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaacha alama nyeusi juu yake. "Kumbe," alisema. Basi. Mjane wa nyumba ya pili alinifokea, na nilisimama nikafokewa hadi akamaliza. Mstaafu wa reli alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua bahasha na kuhesabu vyeti, kimoja kimoja, kuona kama vyote vipo. Hilo liliniuma kuliko kufokewa. Nilirudia maneno yaleyale kwa kila mmoja, sikuongeza wala kupunguza. Nilipofika karibu na geti letu, nyuma yangu kulikuwa na watoto kama kumi, na mwanamke wa sukumawiki aliniuliza kwa sauti ya kusikika hadi kinyozini kama ndege ilikosa njia. Watu wakacheka. Mpangaji wetu alikuwa anafua nguo uani. Nilimpa bahasha yake, akaipokea kwa mkono wenye povu.

Mama alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia kicheko kabla hajaniona.

"Ungengoja angalau giza," alisema.

"Nilitaka waone, mami."

"Wameona."

Akaingia ndani. Niliweka sanduku chini, nikachukua mitungi miwili, nikaenda kisimani. Niliporudi alikuwa anachambua maharagwe, na hakuinua kichwa. Jumapili tulienda kanisani pamoja, tukaketi benchi la nyuma, ambalo hatukuwahi kulikalia. Mchungaji aliposema mwenye ushuhuda asimame, niliona mikono ya mama ikishika mkoba kwa nguvu. Hakusimama. Miaka yote minne niliyoishi naye baada ya hapo hakusimama tena. Watu waliacha kumngojea, wakaanza kukohoa.

Majibu ya mtihani yalitoka mwisho wa mwezi ule, kama walivyosema. Nilikuwa nimefaulu. Nilimkuta mama jikoni nikamwambia kwamba kuanzia wiki ijayo nitakuwa nasafiri na wageni, Naivasha kwanza, kisha Mara, na kwamba hii ni kweli, barua ya ofisi ni hii, ina mhuri. Alifuta mikono, akaichukua barua. Aliisoma yote, polepole, upande wa mbele na upande wa nyuma ambao haukuwa na kitu. Aliniuliza kama ni mimi niliyeiandika. Nikasema hapana.

"Vizuri," alisema, akanirudishia.

Hakumwambia mtu yeyote.